Sekunde Arobaini na Tisa za Mbwawa

Mmeniomba niwaandikie kuhusu darubini, nami najua mnataka nianze na nyota. Nitaanza na unyevu. Ukanda wetu huu, kutoka Mlandizi mpaka vilima vya Kisarawe, hewa yake ina maji karibu mwaka mzima. Kioo cha darubini kikisahaulika sandukuni miezi miwili kinaota kuvu. Unafungua unakuta nyuzi nyeupe zimetambaa juu yake kama mizizi ya ukoka, na ukijaribu kuzisugua unakwaruza kioo chenyewe. Kwa hiyo mtu akikukabidhi darubini, kabla hujamuuliza inaona mbali kiasi gani, muulize huwa inalala wapi.

Haya nilifundishwa na Mzee Sefu Kondo. Mimi nilikuja Pwani kutoka Singida nikiwa msichana mwenye cheti cha ufundi na begi moja, nikaajiriwa kuwa fundi wa vyombo katika idara ya fizikia ya chuo kimoja cha Dar es Salaam. Nikapanga chumba Kibaha, baadaye nikajenga Mbwawa, na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Mzee Kondo ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Alikuwa mwenyeji wa Vihingo kule Kisarawe, mtu mfupi, si msemaji, shati limechomekwa hata Jumamosi. Karakana yake ilikuwa na kabati la mbao ambamo balbu moja iliwaka usiku na mchana. Humo ndimo vioo vyote vililala, vikavu, vyenye joto kidogo. Hakuna hata kimoja kilichoota kuvu mikononi mwake.

Wiki yangu ya tatu niliona kabati lile lina joto zuri, nikaweka humo maandazi yangu ya saa nne yasipoe. Nikayasahau. Jioni ile wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa uwanjani wanatazama Mwezi, mara mmoja akapiga kelele, "Kuna kitu kinatembea! Kinatembea juu ya Mwezi!" Wakamzonga, kila mmoja anataka zamu. Mhadhiri naye akainama, akatazama kwa muda, akainuka anacheka mpaka anakohoa. Alikuwa sisimizi, ndani ya kioo cha kutazamia, anatafuta sukari.

Mzee Kondo hakucheka. Asubuhi alituita mafundi wote watatu karakanani, akauliza, "Nani?" Kisha akasubiri.

Nikasema ni mimi.

"Haya. Vitoe vyote, kimoja kimoja, uvisafishe."

Nilisafisha siku nne. Siku ya tano aliniita mezani kwake akaanza kunifundisha kuunga waya kwa risasi ya kuyeyushwa, kazi ambayo hakumfundisha mtu ambaye hajamwamini. Joto kwanza kwenye waya, risasi baadaye. Ukiona kiungo kinang'aa, kimeshika. Kikiwa na rangi ya majivu, kimekudanganya: kitapitisha umeme leo, kesho kitaachia. Nilijifunza vizuri. Kwa miaka mingi waya nilizounga mimi zilikuwa zinajulikana idara nzima, na mimi nilipenda zijulikane.

Nimesimulia hilo la maandazi ili mjue kwamba nilishawahi kusema "ni mimi" bila kutetemeka. Baadaye, nikiwa nimekalia kiti cha Mzee Kondo, mtu mzima mwenye miwani na heshima zake, nilishindwa. Hilo ndilo hasa ninalotaka kuwaambia, kwa sababu muda si mrefu nanyi mtasimama kwenye vituo vyenu.

Kazi mtakayoifanya ni kuwinda kivuli. Mbali sana, kuipita Zohali, kuna magimba madogo ya barafu na mawe yanayolizunguka Jua. Hata darubini kubwa kabisa huyaona kama nukta. Lakini mara chache gimba moja hupita mbele ya nyota, likaizima kwa sekunde kadhaa, na kivuli chake kikapita juu ya Dunia kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya shamba, ila kwa kasi ambayo ungekuwa Kwala ukipepesa jicho kingekuwa kimeshafika mjini Kibaha. Ukiwapanga watu mbalimbali, kila mmoja na darubini yake na saa sahihi, wakaandika nyota imezimika lini na imewaka lini, unaweza kulichora gimba ambalo hakuna aliyewahi kuliona umbo lake. Hata yule aliye nje ya kivuli anahitajika. Akisema "kwangu haikuzimika," ndipo mnajua gimba linaishia wapi.

Siku hizi kuna kitu cha ziada kinachotafutwa. Baadhi ya magimba haya yamekutwa na pete. Zohali kuwa na pete si ajabu, ni sayari kubwa. Lakini gimba ambalo upana wake ni kutoka hapa Kibaha mpaka kuipita Morogoro, linashikaje pete? Kwa nini lile vumbi na barafu havisambai, au havijikusanyi vikawa mwezi mdogo? Wataalamu bado wanabishana. Na pete ya namna hiyo huikuti kwenye picha. Unaijua kwa sababu nyota hufifia kidogo, chini ya sekunde moja, kabla haijazimika, na baada ya kuwaka ikafifia tena.

Aliyeileta kazi hiyo kwetu ni Dakta Zainabu, mhadhiri ambaye nilimfahamu tangu akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeogopa umeme. Siku moja aliingia karakanani ameshika ramani.

"Mama Elia," akaniambia, "kivuli kinapita kwetu. Saa mbili kasorobo usiku. Nataka vituo vinne. Mbwawa, Kwala, Kisarawe mjini, na cha nne sina mtu."

"Mpe Mzee Kondo. Yuko Vihingo, amestaafu, na ana darubini aliyoitengeneza mwenyewe."

Akasita. "Si ameshakuwa mtu mzima sana?"

"Macho yake ni mazuri kuliko ya wanafunzi wako," nikasema. Basi nilimpigania mzee akapewa kituo, kumbukeni hilo.

Mbwawa kilikuwa kituo changu, uani kwangu. Nilipewa kamera ya kufunga kwenye darubini, na kidude kinachopokea saa ya setilaiti na kulia kila sekunde, pamoja na kinasa sauti. Dakta Zainabu alinishikisha waya wa akiba wa kamera. Nikamrudishia mbele ya wanafunzi. "Waya nilioufunga mimi hauhitaji akiba." Wakacheka, nami nikafurahi.

Jioni yenyewe nilizunguka kwa majirani kuwaomba wazime taa za nje. Mmoja akaniuliza kama tunatazamia mwandamo. Nikamwambia hapana, ni nyota itazimika. Akaniangalia kwa huruma, akazima. Kwala walitujulisha mapema kwamba taa za eneo la viwanda na bandari kavu zimeufanya upande wao wote wa anga kuwa mweupe, hawawezi. Tukabaki vituo vitatu.

Dakika tano kabla ya muda, picha kwenye kompyuta yangu ikawa nyeusi. Nilijua hapohapo ni nini. Nikapapasa waya kwenye shingo ya kamera, kikaachia mkononi mwangu kile kiungo changu. Rangi ya majivu.

Nilifanya jambo sahihi kwanza: niliichomoa kamera, nikaweka kioo cha kutazamia, nikaiona nyota, ikiwa imetulia, nyeupe. Nikawasha kinasa sauti na kidude cha saa. Kilichokuwa kimebaki ni kutazama tu na kusema "imezimika" na "imewaka." Mtoto wa shule angeweza. Lakini ule waya ulikuwa unaning'inia pale kando unanitazama. Nikawaza, bado kuna muda kidogo, nikiubana kwa koleo kamera itarudi na hakuna atakayejua. Nikainama, tochi mdomoni, koleo mkononi. Nikabana, ukachomoka. Nikabana tena. Nilipoinuka kurudi kwenye jicho la darubini, nyota ilikuwepo vilevile, nyeupe, imetulia. Nikatazama mpaka muda wote ukapita. Haikuzimika.

Simu ikalia. Kijana wa kituo cha Kisarawe mjini alikuwa anapiga kelele mpaka sauti inakwaruza. "Mama, imezimika! Sekunde sita! Tumeipata kwenye kamera!"

Nikamshangilia kwa dhati. Nikakaa ndani kujaza fomu. Nyota ilizimika? Hapana. Ulitumia nini? Macho, kamera ilikuwa na hitilafu. Halafu swali la mwisho: uliitazama nyota muda wote bila kukatisha? Kulikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nilijiambia kwamba nyota ilikuwepo kabla sijainama na ilikuwepo nilipoinuka, sasa ingekuwa imekwenda wapi. Nikaweka tiki kwenye ndiyo. Walio nje ya kivuli hawakutakiwa kupeleka sauti waliyorekodi, kwa hiyo kile kinasa sauti nikakifungia kabatini.

Tulikutana idarani wiki iliyofuata. Dakta Zainabu alikuwa hajatulia kitini. Kisarawe mjini kamera yao ilikuwa imeonyesha, sekunde kumi na tisa hivi kabla ya katikati ya tukio, kufifia kidogo sana. Upande wa pili, baada ya nyota kuwaka, kulipita wingu jembamba, hakuna kilichoonekana. Kisha akatuchezea sauti ya Mzee Kondo kutoka Vihingo. Mlio wa sekunde, mlio, mlio, kisha sauti yake ya pole: "Imefifia. Imerudi." Milio inaendelea. "Imezimika." Sekunde sita. "Imewaka." Milio tena. "Imefifia. Imerudi." Pande zote mbili, umbali uleule.

Dakta Zainabu alikwenda ubaoni, akachora duara dogo la gimba, akachora pete kulizunguka, akachora mistari ya vituo. Mstari wa Mbwawa ulipita nje ya gimba lakini ulikata pete mara mbili.

"Kama ni pete," akasema, "hata Mbwawa ilitakiwa ififie. Mara mbili. Karibu sekunde zilezile." Akanigeukia. "Mama Elia, ulikuwa kwenye jicho muda wote?"

Wanangu, fomu ni karatasi. Pale alikuwa mtu ananiuliza, na watu tisa wananitazama. Ningeweza kusema. Nikaona ule waya, nikaona wale wanafunzi waliocheka.

"Ndiyo," nikasema. "Muda wote."

Aliitazama ile picha ubaoni kama mtu anayeaga. Kisha akachukua kifutio. "Basi ile ya Kisarawe ni wingu pia. Na mzee atakuwa amepepesa macho." Akampigia simu palepale, kwa adabu sana, akamshukuru, akamwambia kule kufifia kwa pembeni hakukuthibitika, na kwamba safari nyingine watatafuta kijana ili yeye apumzike. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti. Tulimsikia wote akijibu, "Sawa, mwanangu. Nashukuru."

Sikufanya lolote kwa wiki sita. Sitawaambia kwamba sikulala, nililala. Nilikwenda kazini nikarudi. Nilijiambia kila siku kwamba pengine nyota kweli haikufifia, kwamba sina uhakika, na kwamba mtu asiye na uhakika afadhali anyamaze. Mkijikuta mnajieleza kwa ufasaha namna hiyo, jichunguzeni.

Aliyenitoa hapo ni Bi Mwanahamisi, mke wa Mzee Kondo. Alinipigia simu mchana mmoja.

"Tabitha, hujambo mwanangu. Naomba uongee na mwenzako huyu. Wewe atakusikia."

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Amekwenda hospitali ya wilaya kupima macho. Wamemwambia ni mazima, miwani ya kusomea tu. Mimi nikadhani atafurahi. Amerudi hali chakula, hasemi. Jana ananiambia, 'Kama macho hayakukosea, basi ni kichwa. Kichwa ndicho kinaniundia vitu.' Sasa kila akiongea ananiuliza, eti, hili nimeshakwambia? Baba yake alimaliza hivyo, unajua. Alikuwa anaona watu ambao hawapo."

Nilimjibu kitu, sikumbuki nini. Jumamosi nikachukua kinasa sauti kabatini nikaenda Vihingo.

Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, anapalilia mihogo. Nikamwamkia, akaitika, akaendelea kupalilia. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Yote yakanitoka.

"Mzee, sikuwa natazama."

Jembe likasimama. "Lini?"

"Siku ya kivuli. Waya wangu uliachia. Niliinama kuushika. Fomu nikaandika nilitazama muda wote, na Dakta aliponiuliza nikasema ndiyo."

Sijui nilitarajia nini. Labda ukali. Aliegemeza jembe kwenye tuta, akafuta mikono kwenye suruali taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Sekunde ngapi?"

"Sijui, mzee. Kidogo tu."

"Kidogo si namba. Ulirekodi sauti?"

Tukaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nikawasha. Hapo ndipo niliposikia mara ya kwanza jinsi nilivyokuwa jioni ile. Mlio, mlio, mlio. Nikijisemea, "Ipo." Kisha mlio wa tochi ikiwashwa, pumzi zangu, na sauti yangu ikiwa imezibwa na tochi mdomoni: "Wewe waya wewe." Koleo likagonga mguu wa darubini. Mzee Kondo alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya goti. Tukairudia. Tukairudia tena, yeye akinitaka nionyeshe ni wapi hasa nilipoinama na ni wapi jicho liliporudi. Mara ya nne tulikubaliana.

"Arobaini na tisa," akasema. Akachukua kijiti akachora ardhini: hapa kufifia kwa kwanza, hapa kwa pili, kama alivyoviona yeye. Vyote viwili vilikuwa ndani ya zile sekunde zangu. "Na ulipoinuka ulikuwa umetoka kwenye mwanga wa tochi nyeupe. Hata kama vingekuja baada ya hapo, usingeviona. Jicho linataka dakika nyingi gizani kabla halijaamini kitu kidogo namna ile. Nilikufundisha hilo."

"Ulinifundisha."

Bi Mwanahamisi alikuwa jikoni, harufu ya samaki wa nazi ikitufikia.

"Wiki sita," akasema, "namwuliza mke wangu kama narudiarudia maneno. Nimemwonyesha mwanangu mkubwa mipaka ya shamba, nikidhani mwakani nitakuwa siijui." Hakuinua sauti. "Nilikuwa najiaga, Tabitha."

Nililia. Hakunibembeleza. Alisubiri mpaka nikamaliza, akasema, "Jumatatu nenda kwa Zainabu. Usimpigie simu. Nenda ukae mbele yake." Kisha Bi Mwanahamisi akatoka kutukaribisha chakula, na mzee akamwambia, "Tabitha ana safari." Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kutoka nyumbani kwake bila kula. Nikainuka, nikaaga, nikaenda.

Dakta Zainabu alisikiliza ile sauti mara moja tu. "Kwa nini, Mama Elia?"

"Niliona aibu ya waya."

"Waya?" Alirudia neno lile kama hajawahi kulisikia. "Ningekupa mwingine. Nilikupa mwingine." Akaenda dirishani akasimama amenipa mgongo. "Na mimi nilimwambia yule mzee apumzike."

Alifanya mambo yake kwa utaratibu. Barua ya onyo iliwekwa kwenye faili langu, na niliondolewa kwenye orodha ya watazamaji mpaka nilipostaafu. Niliruhusiwa kutengeneza vyombo tu, na kila waya niliounga ukakaguliwa na mtu mwingine. Mwanzoni ilinichoma. Baadaye nikaona ni utaratibu mzuri, na nawashauri muufuate hata kama hakuna aliyekosea. Siku ileile ya Jumatatu aliendesha gari mwenyewe mpaka Vihingo. Sijui walizungumza nini. Bi Mwanahamisi aliniambia tu kwamba jioni ile mzee alikula, na akamkosoa kuhusu chumvi.

Dakta aliandika makala ya tahadhari: huenda gimba lina pete, ushahidi ni mtazamaji mmoja wa macho na kamera moja ya upande mmoja. Wenzake wengi waliona ni kidogo mno, na walikuwa na haki.

Nilikwenda Vihingo mara nyingine, miezi ilipopita. Mzee alinipa darubini yake nimsafishie kioo, akanisimamia kama fundi mpya. Hakuzungumzia lile jambo, nami sikulizungumzia. Mchana Bi Mwanahamisi alipoleta sinia, alinisogezea maji ya kunawa yeye mwenyewe. Tukala.

Alifariki masika yaliyofuata, homa ya mapafu, siku chache tu kitandani. Mpaka siku ya mwisho alikuwa anawataja wajukuu wote kwa majina bila kukosea.

Miezi michache baadaye gimba lilelile likapita mbele ya nyota nyingine. Safari hiyo kivuli hakikutufikia sisi, kilipita nchi za kusini, na wenzetu wa huko walikuwa na kamera nyingi na anga safi. Kamera zote zilionyesha kitu kimoja: kufifia, kuzimika, kuwaka, kufifia. Dakta Zainabu alipiga hesabu akalinganisha na ile sauti ya Vihingo. Pete ilikuwa palepale mzee aliposema. Alinipigia simu nikiwa jikoni. Aliniambia, kisha wote wawili tukabaki tumeshikilia simu, kwa sababu mtu wa kumpelekea habari hakuwepo.

Baadaye akaniletea rasimu ya makala mpya niisome. Mwishoni kulikuwa na jedwali la vituo vyote, vya safari zote mbili. Kisarawe mjini: kamera. Vihingo: macho, S. Kondo, marehemu. Kwala: anga halikufaa. Nikatafuta Mbwawa nisiione.

Nikampigia. "Dakta, umeisahau Mbwawa."

"Sijaisahau," akasema. "Nilitaka kukusitiri, mama."

"Watu watakaokuja kulipima upya gimba hili watauliza kule kaskazini kulikuwa na nani. Waandikie."

"Na jina?"

"Na jina."

Ikaandikwa. Ni mara ya pekee jina langu limechapishwa katika makala ya sayansi, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kazi. Mnaweza kuiomba kwa mwalimu wenu, ipo. Mstari unasema: Mbwawa, macho, mtazamaji hakuwa akitazama kwa sekunde arobaini na tisa, haikutumika. Mtu yeyote, wa nchi yoyote, akiusoma mstari ule leo, anasoma jambo ambalo ni kweli.